UZI: Kona moja, ajali zilezile kila mwaka. Tuanze kurekebisha nini?

Mpima_Kona (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa zile kona kali za barabara za vijijini ambazo kila dereva wa njia hiyo anazijua. Ajali ikitokea, mmoja atadai tuta, mwingine kioo, mwingine kibao kikubwa zaidi. Chochote kati ya hivyo kinaweza kusaidia au kuongeza balaa, kwa sababu kona hazifanani. Kabla ya kutaja dawa, kona ipimwe. Vifaa ni kamba ya mita 20, futi, ubao ulionyooka wa mita 2, pimamaji na saa ya simu.

Nusu kipenyo kwanza; kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kona ilivyo kali. Weka washika bendera pande zote mbili, kisha nyoosha kamba ncha zake zote mbili ziguse ukingo wa nje wa lami. Katikati ya kamba, pima umbali kutoka kamba hadi ukingo. Uite M, kwa mita. Nusu kipenyo ni 20×20 gawanya kwa (8×M), ongeza nusu ya M. Ukipata sentimita 50, kona ina nusu kipenyo cha mita 100. Ukipata sentimita 83, ni mita 60 na ushee. Pima mwanzoni, katikati na mwishoni. Kona inayoanza na mita 120 halafu ikajikaza hadi 60 ni mtego, maana dereva ameshachagua kasi kwa kile alichokiona mwanzoni.

Kisha mwinamo. Laza ubao ukikata barabara, nyanyua upande wa chini hadi pimamaji litulie, pima pengo. Sentimita 12 kwenye ubao wa mita 2 ni asilimia 6. Andika pia inainamia wapi, ndani au nje.

Hesabu yenyewe: kasi (km/saa) mraba = 127 × nusu kipenyo × (mwinamo + msuguano). Asilimia 6 iandike 0.06, na mwinamo wa kwenda nje uutoe badala ya kuujumlisha. Msuguano wa kusanifia kwa kasi za 50 hadi 60 ni kama 0.16. Kona ya mita 100 yenye mwinamo wa asilimia 6 kwenda ndani inabeba 53. Ikiwa bapa, 45. Ikiinamia nje asilimia 2.5, inabaki 41. Kilomita 12 kwa saa zimeyeyuka na kwa macho kona ni ileile.

Mwisho, kasi ya magari. Weka alama mbili zenye umbali wa mita 50 kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona. 180 gawanya kwa sekunde ndiyo kasi: sekunde 3 ni 60, sekunde 2.25 ni 80. Chukua magari 100 yasiyofuatana kwa karibu, yapange kuanzia la polepole, tazama kasi ya gari la 85. Rudia ndani ya kona. Wahandisi huchukulia tofauti ya kasi hizo mbili isiyozidi 10 km/saa kuwa ya kawaida, 10 hadi 20 ya kuangaliwa, na zaidi ya 20 kuwa kona mbaya.

Karibuni.

Fundi_Lami

Mkuu umeanza vizuri. Mimi nadaka hapo kwenye mwinamo, maana ndipo penye siri nyingi.

Barabara nyingi za zamani zilijengwa na mgongo katikati hata kwenye kona. Nusu ya ndani inainamia ndani, nusu ya nje inainamia nje. Anayepita nusu ya nje anasukumwa atoke. Ukiona ajali karibu zote ni za upande mmoja wa safari, pima nusu hiyo kabla ya kulaumu madereva. Tiba yake ni kabari ya lami. Kwa njia ya upana wa mita 3.25, kutoka asilimia 2.5 kwenda nje hadi asilimia 2.5 kwenda ndani, unainua ukingo wa nje kwa sentimita 16 na katikati ya barabara unabaki sifuri. Inamwagwa kwa tabaka, kila moja ishindiliwe, si mkupuo mmoja. Kwa mfano wa mita 100 hapo juu, umetoka 41 ukafika 48.

Sasa tahadhari. Ukiinua lami na kuacha bega (ukanda wa pembeni mwa lami) chini, umetengeneza ngazi ya sentimita 16. Ngazi ikishazidi sentimita 5 tayari ni hatari. Tairi likishuka, dereva anakata usukani kurudi, ubavu wa tairi unasugua ukingo na haupandi. Anaongeza kukata. Tairi likipanda ghafla, magurudumu ya mbele bado yamekatwa sana, gari linarushwa upande wa pili kwa anayekuja. Ripoti itasema "aligongana uso kwa uso", wakati chanzo kilikuwa ukingo. Kwa hiyo bega lijazwe na kushindiliwa siku hizohizo, na ukingo wa lami umwagwe ukiwa mshazari wa nyuzi 30 badala ya ukuta.

Mvua nayo. Pale barabara inapobadilisha mwinamo ikiingia kona, kuna kipande ambacho ni bapa kabisa. Kama hapo pia hakuna mteremko wa mbele wala nyuma, maji yanakaa. Kawaida ya usanifu ni theluthi mbili hivi za mabadiliko zimalizike kwenye sehemu iliyonyooka, theluthi moja iingie ndani ya kona. Nenda baada ya mvua, chora kwa chaki pale maji yalipotuama.

Semitrela_Ndefu

Hesabu ya 0.16 ni ya starehe ya gari dogo, wakuu. Kwa lori tuongee lugha nyingine.

Gari dogo kwenye lami kavu huteleza kabla ya kupinduka. Lori lililojaa, mzigo umekaa juu, hupinduka kabla ya kuteleza. Mengi yanaanza kuinua magurudumu ya ndani kwenye nguvu ya pembeni ya kama 0.35 ya uzito wake. Kona bapa ya mita 60: mzizi wa 127×60×0.35 ni 52 km/saa. Kwa 52 dereva hasikii tairi likilia wala trela likihama. Trela linalala tu. Tangi lililojaa nusu ni baya zaidi, maana maji yanakimbilia upande wa nje na kukaa huko.

Pili, upana. Magurudumu ya nyuma hukata kona ndani ya yale ya mbele. Kadirio: urefu kati ya ekseli mraba, gawanya kwa mara mbili ya nusu kipenyo. Kichwa cha mita 4 na trela la mita 9 kwenye kona ya mita 60 ni (16+81) gawanya kwa 120, yaani sentimita 80. Njia ya mita 3 haitoshi. Dereva ana mawili: trela lipande bega la ndani, au kichwa kivuke mstari wa kati. Ukikuta bega la ndani limeliwa hadi kuwa shimo, ujue malori yamechagua la kwanza. Panua upande wa ndani kwa lami, si kwa changarawe, la sivyo changarawe itarudishwa barabarani na magurudumu.

Mkazi_wa_Konani

Asanteni wakuu. Sasa huku kwetu wananchi wanataka tuta. Haraka haraka, tuta linakosea nini?

Mpima_Kona

Ndugu, linakosea likiwekwa ndani ya kona. Tairi likiruka juu ya tuta uzito wake juu ya lami unapungua, na ndani ya kona ndipo unapouhitaji wote. Pikipiki iliyolala ikigonga tuta haina pa kujishika. Na anayeliona dakika ya mwisho anakanyaga breki huku amekata usukani.

Kwenye barabara ya 80, tuta lisilotangazwa ni ajali nyingine mpya. Kama lazima kitu cha kuamsha watu, weka rasta (vituta vyembamba vya mfululizo) kwenye sehemu iliyonyooka, ziishe kabla kona haijaanza, kimo kisizidi milimita 15, ziende ukingo hadi ukingo ili mtu asizikwepe kwa kuhamia njia ya wenzake. Nyumba zikiwa karibu, kelele za usiku zitaleta malalamiko na rasta zitang'olewa.

Vibao_na_Rangi

Kabla ya lami yote hiyo, mambo ya vibao na rangi hayahitaji greda. Ila yanafanywa vibaya mno.

Kibao cha tahadhari: kikae wapi? Chukua gari la 80 linalotakiwa kushuka hadi 40. Sekunde 2.5 za kuona na kuamua ni mita 55.6. Kupunguza kwa utulivu, mita 2 kwa sekunde kwa kila sekunde, ni mita 92.6 nyingine. Jumla 148 hivi. Kama kibao kinasomeka ukiwa mita 50 nyuma yake, basi kisimame mita 100 hivi kabla ya kona. Vingi vinapigiliwa mita 30 kabla, pale udongo ulipokuwa laini kuchimba.

Chini ya kibao cha kona weka kasi ya ushauri, lakini iwe ya kweli. Kona inayopitika kwa 60 ukiiandikia 30, dereva anapita kwa 60 salama, anajifunza kwamba vibao vya njia hiyo ni vya uongo, halafu anakutana na kona ya 30 iliyo kweli 30.

Mishale ya kona, ile mieusi juu ya njano au nyeupe kwa nyekundu kufuatana na nchi, ndiyo kifaa ninachokipa kura ya kwanza kwa ajali za usiku. Inasimama upande wa nje wa kona. Kwa kona za kasi ya ushauri ya 30 hadi 50 nafasi kati yake ni kama mita 25, kwa 55 hadi 70 kama mita 35. Dereva aone angalau miwili kwa wakati mmoja, mitatu ni bora. Ukingo wa chini wa kibao uwe mita 1.2 au zaidi juu ya usawa wa lami, nyasi zisikifunike. Na kila kibao kigeuzwe peke yake kimtazame dereva anayekuja. Ukivipanga vyote sambamba, cha tatu na cha nne vinatazama porini. Wa upande wa pili wa safari wanahitaji vyao, mgongo kwa mgongo, vikiwa na pembe yao wenyewe.

Mstari wa ukingo, upana wa sentimita 10 hadi 15, unyunyiziwe shanga za kioo rangi ikiwa mbichi. Bila shanga, usiku ni rangi tu. Kwenye mvua shanga huzama ndani ya maji na mstari unapotea, ndiyo maana mstari wa kati kwenye kona uongezewe macho ya paka, vile vioo vidogo vinavyoakisi taa vilivyopachikwa barabarani. Percy Shaw wa Uingereza alisajili hataza yake mwaka 1934, na ujanja ulikuwa raba inayofuta kioo kila tairi linapokikanyaga. Ya plastiki ya kubandika hayajifuti. Yakishikwa na matope yanahitaji mtu mwenye brashi.

Pikipiki_Tu

Nyongeza ya magurudumu mawili. Rangi nene, hasa herufi kubwa za "PUNGUZA MWENDO" zilizochorwa katikati ya kona, huteleza zikilowa. Ziwe kwenye sehemu iliyonyooka na zichanganywe mchanga mgumu wa kushika.

Kokoto. Kila njia ya vumbi inayoingia barabara kuu karibu na kona inamwaga kokoto kwenye lami. Gari halioni kitu, pikipiki inaanguka. Lami au zege mita 15 hadi 20 za mwanzo za ile njia, na mtaro upite chini yake kwa kalvati, tatizo linakwisha.

Na ile lami inayotoka jasho kwenye joto ikawa nyeusi inayong'aa? Mawe yamezama, msuguano haupo. Sehemu hizo zimwagiwe upya kokoto ngumu juu ya lami mpya ya kushikia.

Fundi_Lami

Sahihi. Kwa kona yenye ajali za kuteleza kwenye mvua kuna boksiti iliyochomwa, chembe za milimita 1 hadi 3 juu ya gundi ya eposi. Inashika kuliko kokoto yoyote ya kawaida na haing'ariki upesi. Ni ghali, kwa hiyo inawekwa ndani ya kona na kipande cha breki kabla yake tu. Juu ya lami iliyopasuka usiiweke, itabanduka na tabaka la chini.

Mkazi_wa_Konani

Na kioo kile cha mviringo je? Kuna mfadhili yuko tayari kukinunua.

Vibao_na_Rangi

Mwambie fedha hiyo inunue mishale. Kioo kilichobinuka hupunguza picha, gari lililo karibu linaonekana la mbali na linalokimbia linaonekana linajikokota. Asubuhi kina umande, mchana vumbi, na pikipiki isiyo na taa haionekani kabisa. Mtu akikiamini anaingia katikati ya barabara.

Semitrela_Ndefu

Hapo napingana kidogo mkuu. Kwa lango la shamba linalotokea ndani ya kona, dereva amesimama, ana muda wa kutazama, kioo kinafaa.

Vibao_na_Rangi

Kwa aliyesimama, sawa. Kwa anayetembea 60, hapana.

Mpima_Kona

Kabla ya kioo kuna panga. Upande wa ndani wa kona ndiko kunakozibwa macho na vichaka, mahindi, kingo za udongo. Kwa 60 km/saa dereva anahitaji mita 85 hivi za kuona na kusimama; kwa 50, mita 65; kwa 80, mita 130. Upana wa kufyeka, kuanzia katikati ya njia ya ndani, ni umbali huo mraba gawanya kwa mara 8 ya nusu kipenyo. Kona ya mita 100, kasi 60: 85×85 gawanya kwa 800 ni mita 9. Kwa 50 ni mita 5.3. Ukishindwa kupata mita 9 kwa sababu ni shamba la mtu au mwamba, basi kasi ndiyo ishuke.

Kimo cha kufyekea ni kile cha macho ya dereva wa gari dogo, kama mita 1.1 juu ya lami. Kwa hiyo kichaka kinachokufika kifuani tayari kinaziba. Katika msimu wa mvua nyasi hurudi kwa wiki chache, na ratiba ya kufyeka ndiyo inayokufa kwanza kwenye bajeti.

Upande wa nje ni habari nyingine. Huko swali ni: akitoka, anagonga nini? Mti wenye shina la zaidi ya sentimita 10, nguzo ya umeme, ukuta wa kichwa cha kalvati. Nguzo ihamishwe, kalvati irefushwe mdomo wake uwe mbali au ufunikwe kwa nondo za mshazari. Mteremko wa 1 kwa 4, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 4, gari linaweza kurudi. Wa 1 kwa 3 haulipindui lazima, lakini litafika chini, kwa hiyo chini pawe patupu.

Mkazi_wa_Konani

Huku vijana wamepanga mawe makubwa yaliyopakwa chokaa upande wa nje. Na kuna mapipa yaliyojazwa zege.

Vibao_na_Rangi

Nia ni njema, lakini jiwe la kilo 200 ni ukuta. Yatolewe. Badala yake miti myembamba, kipenyo chini ya sentimita 10, kimo cha mita moja juu ya ardhi, rangi nyeupe, na kipande cha karatasi inayoakisi karibu na kichwa. Kila mita 10 hadi 12. Gari likiigonga inavunjika, na usiku inachora umbo la kona vilevile. Mamlaka ya barabara iombwe kibali kwanza, maana hifadhi ya barabara iko chini yao.

Fundi_Lami

Kingo za chuma tuziguse, maana nyingi zimefungwa kwa mapambo. Zinawekwa pale ambapo kutoka barabarani ni kubaya kuliko kugonga chuma chenyewe: korongo, mto, mteremko mkali. Kimo cha juu ya chuma ni sentimita 75 hadi 80 hivi. Lami ikirundikwa juu ya lami miaka kadhaa, kimo kinabaki 60 na lori dogo linaruka.

Nguzo ikae angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa korongo, isipokuwa hivyo udongo hauishiki na inang'oka. Nyuma ya chuma pawe na nafasi ya kama mita moja ya kupinda. Ukiacha mti mgongoni kwake, gari litaufikia. Vipande vipishane kwa namna ambayo ncha haielekei magari ya njia iliyo karibu. Mwanzo wa kingo ndio unaoua: ncha wazi inaingia ndani ya gari kama mkuki, na ile iliyozikwa ardhini kama ngazi inalirusha gari juu. Ipinde ncha iingie kwenye kingo ya udongo, au weka kichwa maalumu cha kumeza mgongano.

Pikipiki_Tu

Na chini ya chuma hicho kuna uwazi, nguzo zinakutana na mwili wa mwendesha pikipiki aliyeanguka anayeteleza. Chuma cha pili cha chini kinaziba. Kona yenye pikipiki nyingi isifungwe kingo bila hicho.

Mtu_wa_Changarawe

Mmezungumza lami tu wakuu. Barabara ya changarawe ina mambo yake. Mgongo wa katikati ni asilimia 4 hadi 6, na ndani ya kona uondolewe wote, barabara nzima iinamie ndani. Mwendesha greda asiyeelekezwa atarudisha mgongo kila anapopita. Mpigie vigingi viwili kila mita 20 vinavyoonyesha usawa wa ukingo wa nje na wa ndani. Akiondoka asiache tuta la udongo ukingoni. Tuta hilo linazuia maji kutoka, maji yanachimba njia ya magurudumu, na changarawe isiyoshikamana inakusanyika upande wa nje, palepale ambapo tairi lina kazi kubwa zaidi. Mawe ya zaidi ya sentimita 4 yasipangwe juu, yanang'oka na kubiringika.

Mkazi_wa_Konani

Nimeandika yote. Tukitaka kuyapeleka kwa mamlaka ya barabara, karatasi iwe na nini ili isitupwe?

Mpima_Kona

Kurasa mbili zinatosha. Mchoro wa kona wenye nusu kipenyo katika sehemu tatu na mwinamo wa kila nusu. Jedwali la kasi. Orodha ya ajali za miaka 3 hadi 5: mwelekeo wa safari, usiku au mchana, kavu au mvua, gari peke yake au magari mawili, na mahali gari liliposimama. Mwaka mmoja hautoshi, kwa sababu kona iliyopata ajali nyingi mwaka huu mara nyingi itashuka mwakani hata isipoguswa, na mtu atasema kibao kimefanya kazi.

Usiombe "kona irekebishwe". Omba vitu: mishale 8 nafasi ya mita 25, kufyeka mita 9 kwa urefu wa mita 120, kujaza bega mita 90. Ofisini, ombi lenye idadi linaingia kwenye bajeti ya matengenezo. Lisilo na idadi linaingia kwenye faili la mipango ya baadaye.

Na weka picha za usiku, zipigwe kutoka kiti cha dereva kwa taa za dimu. Kwa ful kila kibao kibovu kinang'aa.